Udongo Mweupe wa Mashini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Rachida alipitia kwanza uwanja wa watwangaji. Uwanja huo ulikuwa mwisho wa mji wa Salamabila, pale nyumba zinaposhuka kuelekea kijito cha Kalulu. Mama yake, Aziza, alikuwa ameketi hapo tangu alfajiri, kinu cha chuma katikati ya miguu, akitwanga mawe meupe kutoka mashimoni. Ndani ya mawe hayo, bahati ikipenda, kuna vumbi la dhahabu. Wanaume huyachimba, wanawake huyatwanga mpaka yawe laini kama unga wa muhogo, kisha unga huoshwa kwa maji na dhahabu ikabaki ndani ya karai.

Rachida alimpa mama yake uji, akachukua mchi, akatwanga badala yake mpaka uji uishe. Ndivyo walivyosaidiana, siku zote za shule.

Tusidanganyane, kazi ile ilikuwa mbaya. Viganja vilipasuka. Vumbi liliingia kifuani na wanawake walikohoa hata wakicheka. Lakini walicheka kweli! Walikaa kwa mduara, michi ikipanda na kushuka, na vitendawili vikazunguka kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine. Bingwa wao alikuwa Dieudonnée, mama yake Yvette, na Yvette alisoma darasa moja na Rachida.

"Kitendawili!" Dieudonnée aliita.

"Tega!"

"Nampiga kichwa kutwa nzima, halii, ananilipa unga."

"Jiwe!" walipiga kelele wote.

"Ah, munajua sana. Kesho nitaleta kingine kigumu."

Dieudonnée alikuwa na mimba, na alikuwa na desturi ya watwangaji wengi wenye mimba. Alichovya kidole katika unga wa jiwe, akalamba.

"Weye, utamaliza dhahabu ya watu!" Aziza alimtania.

"Si miye. Ni huyu wa ndani, anaomba chumvi ya jiwe. Nimukataze namna gani?"

Rachida aliyaona hayo mara nyingi. Kwake halikuwa jambo la ajabu. Wanawake wenye mimba hula udongo. Sokoni huuzwa ule mweupe unaoitwa pemba, unaotoka kingo za mto Lualaba huko Nyangwe, ukafinyangwa kama yai na kukaushwa juu ya moshi. Anayekosa pemba hulamba unga wa jiwe, basi.

Halafu mashini ikafika.

Iliteremshwa kutoka kwenye lori, nyeusi, na mdomo mpana juu na pipa kubwa la chuma kando. Mwenye mali alikuwa Musafiri, mfanyabiashara wa Kasongo. Mashini ilimeza mawe asubuhi, na kabla ya adhuhuri ilikuwa imesaga kazi ambayo uwanja mzima wa wanawake ungeifanya wiki nzima. Wachimbaji wakabeba mawe yao kwa Musafiri. Kwa nini wangoje?

Siku za mwanzo wanawake walikuja uwanjani kama kawaida, wakakaa na vinu vitupu. Dieudonnée alijaribu kuwachekesha.

"Kitendawili! Mgeni wangu ana mdomo, hana tumbo. Anakula mawe, sisi ndio tunalala njaa."

Hakuna aliyejibu. Jibu lilikuwa linanguruma pale pale, na moshi wake ukawaingia machoni.

Aziza akaenda kwa Musafiri, kitenge chake amekifunga vizuri, kwa heshima.

"Bwana Musafiri, mashini tumeiona. Na sisi?"

"Mama, dunia inaendelea," Musafiri alisema. Hakuwa mtu wa matusi, alisema kwa upole kabisa. "Mumeteseka miaka mingi. Sasa mukapumuzike."

"Tutapumuzika, bwana. Na chungu kitapumuzika pia?"

Musafiri alicheka kidogo, akarudi kwenye mashini yake.

Baba yake Rachida alikuwa amekwenda mashimo ya mbali msituni, na habari zake zilikuwa zimekatika. Aziza akaazima kipande cha shamba nyuma ya kilima, akapanda muhogo. Lakini muhogo haukui kwa sababu wewe una njaa. Mdogo wake Rachida, Hamadi, alilia kila jioni mbele ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, isiyo na mafuta. Aziza alimpa sehemu yake, akasema ameshiba. Rachida alijua kuwa hajashiba.

Siku moja, akienda kuchota maji Kalulu, Rachida alipita karibu na shimo ambapo mashini ilitapika maji yake machafu. Hapakuwa na ua wala kizuizi. Maji yalifurika ukingoni na kuteleza mpaka kijitoni. Chini yake lilibaki tope jeupe, laini, zuri. Rachida alilishika. Lilikuwa laini kuliko unga wowote ambao mama yake aliwahi kutwanga.

Akakumbuka kidole cha Dieudonnée. Si ni jiwe lile lile? Na sokoni pemba ilikuwa imeadimika, kwa kuwa mvua ilikuwa imekata njia na baiskeli zinazoileta kutoka Kasongo zilikuwa hazipiti.

Akajaza ndoo. Akafinyanga mayai ya udongo, akayakausha juu ya moshi wa jiko, akayapanga kwenye sinia.

"Hii umeitoa wapi?" Aziza aliuliza.

"Mama mmoja wa sokoni amenipa nimuuzie," Rachida alisema. "Ni ya Nyangwe."

Uongo ulimtoka rahisi. Alikuwa anamwangalia Hamadi aliposema.

Wateja hawakukosekana. Wanawake wenye mimba walimsimamisha njiani. Dieudonnée alinunua kuliko wote, akaijaza katika kopo la maziwa la zamani.

"Eh! Nyangwe ya siku hizi iko tamu!" alisema akitafuna. "Inayeyuka yenyewe mdomoni. Mutoto wangu atazaliwa mweupe kama jino."

"Mama, unanitia haya," Yvette alisema, na wote watatu wakacheka.

Mafuta yalirudi kwenye chungu. Hamadi akalala bila kulia. Rachida alijiona mtu mzima, mtu mwenye akili.

Kisha bata wa Yvette wakafa. Walizoea kuogelea pale maji ya mashini yanapoingia Kalulu, na asubuhi moja walikutwa ukingoni, shingo zimenyooka. Watu walisema ni ugonjwa wa bata. Haikupita wiki, Docta Jean-Marie, muuguzi wa kituo cha afya ambaye kila mtu alimwita Docta, alikuja shuleni, akasimama mbele ya mwaka wa sita, darasa la Rachida na Yvette.

"Watoto, musichote tena maji Kalulu chini ya mashini," alisema. "Zamani mama zenu walitwanga jiwe, wakaliosha kwa maji matupu. Kwenye mashini wanamwaga zebaki ndani ya pipa, ile inayoitwa merikiri, ili ikamate dhahabu. Inayokamata wanaichukua. Inayobaki inatoka na tope. Tena jiwe lenyewe lina sumu zake, na mashini inalisaga mpaka sumu hizo zinatoka pamoja na maji. Sumu ya merikiri inaharibu mishipa na figo. Kwa mutoto aliye tumboni ni mbaya zaidi. Lile tope musilishike, musilichezee."

Yvette aliinua mkono. "Docta, na mutu akilikula?"

"Nani atakula tope la mashini?"

Darasa zima likacheka. Rachida naye akacheka, lakini alichelewa, na kicheko chake kikabaki peke yake.

Mchana huo alitupa mayai yote yaliyobaki katika shimo la choo. Alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Akaenda kwa Dieudonnée.

"Mama Yvette, pemba imekwisha. Hakuna tena."

"Usisumbuke, binti yangu. Niko na akiba yangu." Dieudonnée aligonga kopo la maziwa kwa kucha. Lilikuwa limejaa.

Hapo ndipo Rachida alipaswa kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini akaona: Aziza atajua kuwa alidanganywa, Yvette atamchukia, wanawake wote watamnyooshea kidole. Akajiambia kwamba ni kidogo tu, kwamba kopo litaisha, kwamba pengine Docta amezidisha ili kuwatisha watoto. Akaaga, akaenda zake.

Dieudonnée akaanza kuugua. Kwanza alilalamika kwamba kila chakula kina ladha ya chuma. Halafu fizi zikavimba. Halafu vidole vikaanza kutetemeka, hata akashindwa kufunga kitenge chake mwenyewe. Homa ilipopanda, mume wake Aristote alimpeleka kituo cha afya, na Docta akampima, akamkuta na malaria, akamlaza, akampa dawa.

Homa ilishuka. Mtetemeko haukuisha.

"Docta anauliza kila siku mama anakula nini," Yvette alimwambia Rachida wakati wa mapumziko. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama anasema ugali na sombe kama watu wote. Docta anaandika, anakuna kichwa."

"Hakusema kingine?"

"Kingine gani? Hata ugali hautaki tena. Anataka ile pemba yako tu. Nampelekea kila jioni katika kitambaa."

Unaona? Pemba si chakula, ndivyo wanawake wanavyohesabu. Ukimwuliza mama mwenye mimba amekula nini, hawezi kutaja udongo, kama vile wewe huwezi kutaja mate yako. Katika Salamabila nzima mtu mmoja tu alikuwa na jibu la swali la Docta, na mtu huyo alikuwa amesimama pale na kipande cha muhogo mkononi.

Rachida hakurudi darasani. Alikimbia mpaka shambani nyuma ya kilima. Aziza alikuwa ameinama na jembe.

"Mama, ile pemba haikutoka Nyangwe."

Aziza akanyooka.

"Ilitoka shimo la mashini. Niliifanya mwenyewe. Docta alituambia ina sumu, na mama Yvette anaila hata sasa. Nilijua, mama. Nilijua na sikusema."

Alingoja kofi. Halikuja. Aziza aliangusha jembe pale pale, akafunga kitenge upya, uso umekauka kama udongo wa kiangazi.

"Twende," alisema. "Na utasema weye. Sitakusemea."

Kituo cha afya kilikuwa na vitanda vichache. Dieudonnée alilala kwenye kile cha dirishani. Aristote alikaa miguuni pake, na Docta Jean-Marie alikuwa anapima damu ya mwanamke mwingine. Rachida alisimama katikati ya chumba. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka. Alisema yote, hata ule uongo wa Nyangwe.

Kisha Aristote akaruka.

"Aziza! Mutoto wako ameua mutu!"

"Hajakufa," Aziza alisema. "Utanitukana kesho, Aristote, nitakuja mwenyewe kwako unitukane. Leo tumwache Docta afanye kazi."

Docta alichukua kitambaa kilichokuwa chini ya mto. Ndani yake kulikuwa na mayai mawili meupe. Alivunja moja katika sahani, akamimina maji, akatikisa polepole kwa mviringo kama wanavyoosha dhahabu, akamwaga, akatikisa tena. Tope lilikwenda na maji. Ndani ya sahani vikabaki vitone vidogo kama fedha, vikikimbizana.

Dieudonnée alivitazama. Aliweka mkono juu ya tumbo lake na kugeukia ukuta.

"Dawa ya hii sina hapa," Docta alisema. "Lakini sasa najua ninachopigana nacho. Jana nilikuwa napiga gizani. Aristote, tafuta pikipiki, nitaandamana naye mpaka hospitalini."

Kisha akamgeukia Rachida. "Wengine? Nani mwingine alinunua?"

Jioni hiyo na siku iliyofuata, Rachida na Aziza walikwenda mlango kwa mlango. Aziza alibisha, Rachida akasema. "Mama, ile pemba niliyokuuzia ina sumu. Tafadhali usiile. Nenda kwa Docta." Mwanamke mmoja alimtemea mate miguuni. Mwingine alikaa chini na kuanza kulia bila sauti. Mwingine, mzee, alimwambia tu, "Pita, mwanangu, umeshasema." Vipande vyote vilivyopatikana walivipeleka kwa Docta ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Mtoto wa Dieudonnée alizaliwa kabla ya wakati wake. Alikuwa msichana. Hakulia.

Docta aliporudi alisema wazi mbele ya watu: "Siwezi kuapa kwamba ni tope peke yake. Kulikuwa na malaria pia, na malaria inaua watoto wa tumboni. Lakini mama huyu asingekoma kulila, leo tungezika wawili."

Baada ya mazishi, wanawake wa uwanja walikusanyika tena kwa mara ya kwanza tangu mashini ije. Hawakubeba vinu. Walikwenda wote kwa Musafiri, na chifu wa kitongoji akaitwa.

"Mimi sikumuuzia mutu tope," Musafiri alisema. Upole wake ulikuwa umepungua. "Nimeleta maendeleo. Mutoto aliiba takataka zangu, akawadanganya watu. Kosa langu liko fasi gani?"

"Mutoto alidanganya, na amekubali mbele yetu sote," Aziza alijibu. "Sasa zamu yako. Nani aliacha shimo wazi? Nani anamwaga merikiri ndani ya pipa na maji yake yanakwenda Kalulu, ambapo tunachota? Bata hawakununua pemba, bwana."

Musafiri aliangalia chini. Watu walikuwa wengi, na wachimbaji wenyewe, walioleta mawe yao kwake, walikuwa wamesimama upande wa wanawake. Wake zao walikuwa na mimba pia.

Walibishana mpaka jua likapinduka. Mashini haikuondolewa, hakuna aliyetaka wanawake wakohoe vumbi tena. Lakini zebaki ilikatazwa kuingia ndani ya pipa. Unga utatoka pale mtupu, na wanawake watauosha kwa maji na karai, namna ya zamani. Shimo jipya litachimbwa mbali na kijito, litasiribwa kwa udongo mgumu, litazungushiwa ua. Watwangaji kadhaa walipata kazi ya kuosha. Kadhaa tu, maana mashini haikuhitaji wengi. Aziza hakuchaguliwa, na hakuna aliyeshangaa. Alirudi kwenye muhogo wake.

Na Kalulu? Docta alisema maji yake yasiguswe, na hakujua mpaka lini. Waliokuwa wanachota hatua chache kutoka mlangoni sasa wakapanda kilima kwenda kwenye chemchemi.

Dieudonnée aliporudi nyumbani, alikuwa amekonda, na mkono wa kulia ulikuwa bado unatetemeka kidogo. Yvette alikuwa haongei na Rachida. Walikaa darasani kila mmoja upande wake. Rachida aliomba ruhusa ya mama yake, akaenda kwa Dieudonnée peke yake. Alimkuta mlangoni amekaa kwenye kigoda. Akapiga magoti.

"Mama Yvette, nisamehe."

Dieudonnée hakumwinua.

"Sitakuambia si kitu," alisema. "Ni kitu. Nilikuwa nimeshampa jina. Nikikuambia si kitu, nitakuwa nakudanganya kama ulivyonidanganya."

Rachida aliinamisha kichwa.

"Nilikukasirikia. Nilimkasirikia Musafiri. Nilijikasirikia na miye, mutu muzima anayeweka mdomoni kitu bila kuuliza. Kule kitandani nilifikiri sana. Mashini ilipofika, sote tuliuliza jambo moja: nani atakula, nani atakosa kazi? Lilikuwa swali la haki. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza maji yake yanakwenda wapi. Musafiri hakuuliza, sababu alikuwa anaona dhahabu. Sisi hatukuuliza, sababu tulikuwa tunaona njaa. Weye pia. Uliona tope jeupe, ukaona mafuta ya Hamadi."

"Ndiyo, mama."

"Njaa si kosa, Rachida. Kufikiri kwamba tope na unga wetu ni jiwe lile lile, hilo pia ningeweza kulifikiri miye. Kosa lako ni siku ile nilipogonga kopo mbele yako. Ulijua, ukaondoka. Kitu kipya kikija, mashini au dawa au chochote, uliza kinaingia na nini, na kinatoka na nini, na nani yuko chini yake anakunywa. Na ukijua jambo linalomdhuru mutu, sema saa ile ile, hata kama aibu ni yako. Aibu haitetemeshi mikono. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Yvette alikuwa ametokea mlangoni nyuma ya mama yake, amesimama. Dieudonnée alijaribu kunyanyua bidoni tupu ya maji iliyokuwa kando ya kigoda. Mkono ukatetemeka, bidoni ikagonga ukuta.

"Chemchemi iko mbali siku hizi," alisema, "na mkono huu haubebi tena. Nyanyuka. Kila asubuhi, kabla ya shule, utakuja kunichotea."

Rachida akainuka, akachukua bidoni. Alikuwa ameshafika njiani aliposikia nyayo nyuma yake. Yvette alikuwa anakuja na bidoni ya pili. Hakumtazama. Wakapanda kilima pamoja, mmoja upande huu wa njia, mwingine upande ule.